Mashine ya Gemu Kutoka Nje: Jinsi ya Kuiwasha Mwanza Bila Kuiunguza

Mashine za gemu zinazofika Mwanza zinatoka kila upande. Mjomba aliyeko Marekani kamtumia mpwa wake Xbox. Mzigo wa Kijapani umeshushwa Kariakoo, ukapanda basi hadi Nyegezi. Mtu kapita Dubai, kanunua PlayStation iliyotumika. Nyingi zinafika zikiwa nzima kabisa, kisha zinakufa sebuleni katika dakika ya kwanza. Sababu ni ile ile: mwenyewe kaona plagi imeingia kwenye soketi, akaamini na umeme umekubaliana.

Zinazopona hapo hukwama kwenye picha, na zikivuka picha hukwama kwenye diski. Kwa hiyo fuata mpangilio huu bila kuruka: umeme kwanza, picha baadaye, diski mwisho. Ukianza na diski utahangaika na tatizo la tatu wakati la kwanza bado linaunguza vifaa.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujagusa soketi

- Simu yenye kamera nzuri, ya kupigia picha lebo zenye maandishi madogo.
- Multimita. Ile ya bei ndogo inatosha, mradi inapima volti za AC (umeme wa mkondo geu, kama wa ukutani) na za DC (wa mkondo mnyoofu, kama wa betri). Kama huna, azima kwa fundi redio wa mtaani.
- Waya wa umeme wenye plagi ya pini tatu ya kwetu. Mashine nyingi za siku hizi hutumia waya wenye kichwa cha umbo la nane, kama wa redio.
- Transfoma ya kushusha umeme kutoka 230V hadi 110V au 100V, ikiwa tu lebo itaidai. Usiinunue kabla ya hatua ya kwanza.
- Stabilaiza (inatuliza volti zinazopanda na kushuka) au UPS (ina betri ya akiba umeme ukikatika).
- Kebo ya HDMI, au ile ya AV yenye vichwa vitatu: njano, nyeupe na nyekundu.
- Rimoti ya TV yako. Bila rimoti huingii kwenye menyu, na bila menyu hatua ya sita haifanyiki.

## Hatua ya 1: Soma lebo, na uisome yote

Umeme wetu ni volti 230, hezi 50. Marekani ni volti 120, hezi 60. Japani ni volti 100, na hezi zao zimegawanyika: Tokyo na upande wa mashariki ni 50, Osaka na upande wa magharibi ni 60. Uingereza ni sawa na sisi, hadi plagi. Mashine iliyonunuliwa Uingereza haina kesi ya umeme hapa. Nenda moja kwa moja hatua ya nne.

Geuza mashine tumbo juu. Kama ina adapta ya nje, lebo inayohusika ni ya adapta, si ya mashine. Tafuta neno INPUT, kisha angalia namba zinazofuata.

Ikisema 100-240V, 50/60Hz: mashine inapokea umeme wowote kati ya hizo namba. Unachohitaji ni waya wenye plagi yetu, basi. Nintendo Switch na adapta yake iko hivi, Xbox One S iko hivi, na PlayStation 4 na 5 nyingi utazikuta hivi.

Ikisema 120V, 110V, 100V au 100-127V: simama. Ukiichomeka ukutani unaipa takriban mara mbili ya umeme wake. Kundi hili lina PlayStation 2 nene za Marekani na Japani, PlayStation 1 za huko huko, adapta za Wii za Marekani, na zile adapta kubwa za Xbox 360 za Marekani, nzito kama tofali.

Ikisema 220-240V: imetengenezwa kwa umeme kama wetu.

PlayStation 3 inahitaji maelezo ya ziada. Utasikia kwamba ndani inabeba umeme wote hata kama lebo ya nje imeandikwa 120V. Zipo za namna hiyo, lakini huwezi kujua kwa kusikia. Mpe fundi afungue, asome lebo ya bodi ya umeme yenyewe. Kabla ya hapo, itii lebo ya nje.

Kwa PlayStation 2, namba ya modeli nayo inakusemea. Angalia tarakimu ya mwisho baada ya SCPH: 0 ni Japani, 1 ni Marekani, 3 ni Uingereza, 4 ni Ulaya bara. Kwa hiyo SCPH-30001 ni ya Marekani, na SCPH-30003 ni ya Uingereza. Muuzaji akikuambia "Kaka, hii ni ya Ulaya, chomeka tu," wewe igeuze, usome namba.

Piga picha lebo zote na uzihifadhi kwenye simu. Utazihitaji dukani, kwa sababu muuzaji wa transfoma atakuuliza maswali ambayo majibu yake yako pale.

Umefanikiwa ukiwa unaweza kutaja bila kubahatisha volti zinazoingia, hezi, na ampea za mashine yako.

### Onyo kuhusu ekstensheni

Soketi yetu ya pini tatu inakukinga bila wewe kujua. Plagi ya Marekani au Japani, ile ya bapa mbili nyembamba, haiingii. Lakini ekstensheni nyingi zinazouzwa Makoroboi na kila mahali zina matundu mapana yanayopokea plagi yoyote ya dunia. Hapo ndipo mashine nyingi zinapouawa: ukuta umekataa, ekstensheni ikakubali. Ile adapta ndogo ya kubadilisha plagi nayo ni hivyo hivyo. Inabadilisha umbo la pini tu; volti zinapita zilivyo.

Na ule mtindo wa kuchomeka kalamu au kijiti kwenye tundu la juu ili plagi ya pini mbili iingie, uache. Tundu lile linafungua vifuniko vya waya wenye umeme, na pini nyembamba zisizokamata vizuri zinatoa cheche na kuyeyusha soketi.

## Hatua ya 2: Chagua njia moja ya umeme

Kwa mashine zinazodai 100V hadi 127V, una njia tatu. Nazipanga kwa jinsi ninavyozipendelea.

Njia A: badilisha adapta. Kama mashine ina adapta ya nje, achana na transfoma. Tafuta adapta nyingine ya 200-240V au 100-240V inayotoa umeme ule ule upande wa mashine. Ni nyepesi, haipigi kelele, na mtoto hawezi kukosea kuichomeka. Soma neno OUTPUT kwenye adapta ya zamani na ulinganishe mambo manne:

1. Volti ziwe sawasawa. Wii ni 12V. PlayStation 2 nyembamba yenye adapta ya nje ni 8.5V. PSone, ile ndogo nyeupe, ni 7.5V. Usikubali kuambiwa "inakaribia."
2. Ampea ziwe sawa au zaidi, kamwe zisipungue. Wii inataka 3.7A; ukiipa adapta ya 12V yenye 1A ya kisimbuzi, itawaka na kuzima, na adapta itachemka.
3. Ni DC au AC? Nintendo ya zamani ya Marekani, ile NES, adapta yake inatoa AC 9V. Ndugu yake wa Kijapani, Famicom, anataka DC 10V. Adapta ya Marekani iliyochomekwa kwenye Famicom inaiharibu.
4. Chanya iko katikati au nje ya kichwa? Kuna mchoro mdogo wa duara wenye alama za + na − unaokuonyesha. Famicom ina hasi katikati, kinyume cha adapta nyingi za dukani.

Kwa Xbox 360, tafuta adapta ya 200-240V ya toleo lile lile la mashine yako. Vichwa vya matoleo havifanani, kwa hiyo nenda na mashine au na picha yake.

Njia B: badilisha bodi ya umeme ya ndani. Hii inafaa PlayStation 1 na PlayStation 2 nene. Kama fundi ana mashine iliyokufa ya Ulaya au Uingereza ya toleo hilo hilo, anaweza kuhamisha bodi yake ya umeme. Sharti ni toleo kufanana, na bodi ipimwe kabla ya kufungwa.

Njia C: transfoma ya kushusha umeme. Hii ni ya pale ambapo A na B hazipatikani, na ndiyo inayoharibiwa zaidi. Tuingie ndani yake.

## Hatua ya 3: Transfoma, kwa utulivu

### Nunua iliyo sahihi

Zidisha volti kwa ampea za INPUT upate wati. Adapta iliyoandikwa 120V, 2A ni wati 240. Kisha nunua transfoma yenye angalau mara mbili ya hizo, yaani wati 500 kwa mfano huu. Wauzaji wengi huandika namba ya kilele, na kwa mzigo wa saa tatu za mpira namba hiyo haisimami.

Ipime kwa mkono. Transfoma ya kweli ina chuma na shaba ndani, kwa hiyo ni nzito. Kijisanduku chepesi kinachotosha kiganjani lakini kimeandikwa wati 1600 ni kile cha wasafiri, cha pasi na mashine za kukaushia nywele. Kinakatakata umeme badala ya kuushusha vizuri, na vifaa vya elektroniki havikiwezi.

### 100 na 110 si kitu kimoja

Transfoma inagawanya inachopewa. Ya 230 kwenda 110 inatoa 110 pale tu ukuta unapokuwa na 230. Ukuta ukipanda hadi 250, utapata takriban 120. Mashine ya Marekani haina shida na hilo. Mashine ya Kijapani ya 100V inakuwa imezidishiwa asilimia 20, siku baada ya siku, mpaka kapasita zinavimba. Kwa mashine ya Kijapani tafuta transfoma yenye tundu la 100V, au weka stabilaiza mbele yake ili 230 ibaki 230.

### Hezi hazibadiliki

Transfoma inashusha volti, haigusi hezi. Hamsini zinaingia, hamsini zinatoka. Mashine za kisasa hazijali. Adapta za zamani zenye transfoma ndani, zile nzito za ukutani, zinajali: iliyoandikwa 60Hz peke yake inachemka zaidi ikipewa 50. Na hapa adapta za Kijapani zina faida juu ya zile za Marekani. Kwa kuwa nchi yao wenyewe ina hezi mbili, nyingi zimeandikwa 50/60Hz.

### Ijaribu bila mashine

1. Chomeka transfoma ukutani ikiwa tupu.
2. Weka multimita kwenye AC, kipimo cha juu (600 au 750).
3. Pima kwanza soketi ya ukutani. Andika namba.
4. Pima tundu la kutolea la transfoma. Andika namba.
5. Iache iwe imewashwa nusu saa, kisha iguse. Vuguvugu ni sawa. Ikiunguza mkono bila mzigo wowote, irudishe dukani.

Rudia vipimo kati ya saa moja na saa nne usiku, wakati mtaa mzima unapika na kutazama TV, halafu tena usiku wa manane. Kwenye nyumba za mwisho wa laini, kama baadhi ya maeneo ya Igoma na Buhongwa, namba hizo mbili zinaweza kutofautiana sana. Tofauti hiyo itakuambia kama unahitaji stabilaiza au la, kuliko ushauri wa mtu yeyote.

### Kitu kimoja tu kwenye transfoma

Usichomeke ekstensheni kwenye transfoma halafu ukaunganisha na TV na redio. TV yako ni ya 230V, inaenda ukutani. Mashine ya gemu peke yake ndiyo inakaa kwenye transfoma.

Chukua kipande cha plasta, uandike kwa kalamu nzito "110V TU", ukizungushe kwenye waya karibu na plagi. Wewe unajua, shangazi anayefagia sebule hajui, na yeye ndiye atakayechomoa kila kitu siku ya radi kisha akachomeka upya.

Umefanikiwa ukiwa tundu la kutolea linasoma ndani ya asilimia 10 ya lebo ya mashine, usiku na mchana.

## Hatua ya 4: Kinga dhidi ya umeme wenyewe na dhidi ya ziwa

Mwanza na visiwa vyake viko kwenye moja ya maeneo yenye radi nyingi zaidi duniani. Dhoruba za Ziwa Victoria hujijenga usiku juu ya maji na kupiga alfajiri, wakati umelala na mashine imechomekwa. Kuzima kwa rimoti au pedi hakutoshi, wala swichi ya soketi haitoshi kwa radi ya karibu. Chomoa plagi, na chomoa pia waya wa antena au wa dishi kwenye TV, maana radi hupita hapo ikaingia kwenye mashine kwa njia ya HDMI.

Adui wa pili ni umeme kukatika na kurudi. Kurudi ndiko kubaya: unarudi ukiwa mkubwa kwa sekunde chache, wakati friji zote za mtaa zinanguruma kwa pamoja. Kama una kile kikinga friji kinachosubiri dakika kadhaa kabla ya kuruhusu umeme, kinafaa na hapa. Mashine zenye diski kuu ya kuhifadhia data ndani (hard disk), kama PlayStation 3 na 4, zinaumia pia kwa kukatiwa ghafla wakati zinaandika data. UPS ndogo inakupa muda wa kuzima kwa utaratibu.

Mpangilio wa kuunganisha ni huu: ukuta, stabilaiza au UPS, transfoma kama ipo, kisha mashine. Stabilaiza ni ya 230V, kwa hiyo lazima itangulie transfoma.

Kwa walio Ukerewe, Ukara na popote wanapotumia sola: angalia aina ya inveta yako. Inveta za bei ndogo hutoa wimbi la ngazi ngazi, na transfoma ikilishwa wimbi hilo inaunguruma na kuchemka. Tumia inveta ya wimbi safi. Na usishawishike kuunganisha Wii ya 12V moja kwa moja kwenye betri ya 12V. Betri inayochajiwa na jua la saa sita inapanda hadi karibu 14.4V.

Kuna na wale wadudu wadogo wa ziwani wanaokuja kama moshi na kujaa kwenye taa. Feni ya mashine inawavuta ndani, wanakaukia kwenye chuma cha kupoozea pamoja na vumbi, na mashine inaanza kuvuma kama jenereta. Usiifunike kwa kitambaa ikiwa imewashwa. Iweke mbali na dirisha na mbali na taa, na isafishwe ndani mara kwa mara.

## Hatua ya 5: Washa kwa mara ya kwanza

1. Kila kitu kikiwa kimezimwa, unganisha HDMI au AV kwenye TV kwanza. Mashine na TV zisizo na waya wa ardhi hubeba umeme kidogo kwenye vyuma vyake. Ndio ule mwasho unaousikia ukigusa kichwa cha HDMI. Ukichomeka HDMI wakati zote zimewashwa, umeme huo unaweza kupita kwenye kidude cha picha na kukiua.
2. Chomeka umeme. Usiwashe bado. Nusa, sikiliza. Taa ya kusubiri inatakiwa kuwaka bila mlio.
3. Washa. Iache dakika kumi bila diski.

Harufu ya kuungua, mlio mkali, au taa inayowaka na kuzima: chomoa ukutani, si kwenye mashine.

Kama tayari uliichomeka vibaya na ikapiga "pa": usiitupe, na usimuuzie mtu kwa bei ya vyuma. Mara nyingi kilichokufa ni fyuzi na vipuri viwili vitatu vya bodi ya umeme, wakati bodi kubwa ni nzima. Fundi akibadilisha fyuzi, aweke ya ampea zile zile. Akiunga waya badala ya fyuzi, shoti ijayo itakwenda hadi kwenye bodi kubwa, au itawasha moto.

## Hatua ya 6: Picha

### Ukiwa na HDMI

Hapa kazi ni nyepesi. HDMI haina ugomvi wa mifumo ya TV, na TV bapa za kawaida hupokea hezi 50 na 60. Kama skrini ni nyeusi lakini mashine imewaka, yawezekana mwenyewe wa kwanza aliiwekea ubora ambao TV yako haiuwezi. Irudishe chini:

- PlayStation 3: ikiwa kwenye taa nyekundu, shikilia kitufe cha kuwasha hadi usikie mlio wa pili.
- PlayStation 4 na 5: ikiwa imezimwa kabisa, shikilia kitufe cha kuwasha hadi mlio wa pili, takriban sekunde saba. Unganisha pedi kwa waya wa USB, kisha chagua kubadili ubora wa picha.
- Xbox One: shikilia kwa pamoja kitufe cha kuwasha na cha kutolea diski hadi mlio wa pili.

### Ukiwa na AV na TV ya chogo

Hapa ndipo asili ya mashine inapojionyesha. Marekani na Japani walitumia mfumo wa NTSC, wenye mistari 525 na karibu picha 60 kwa sekunde. Sisi na sehemu kubwa ya Ulaya tulitumia PAL, mistari 625 na 50 kwa sekunde. Dalili zinatofautiana, na kila moja ina dawa yake:

Picha imetulia lakini haina rangi. TV inaweza kufuata mistari, ila haitambui rangi za NTSC. Chukua rimoti, ingia menyu ya picha, tafuta COLOR SYSTEM. Mara nyingi imewekwa PAL. Weka AUTO; ikigoma, weka NTSC 3.58. Chogo nyingi za Kichina zina chaguo hili hata kama hakuna aliyewahi kulifungua.

Picha inapanda juu bila kusimama. TV haikubali hezi 60. Kama menyu haina NTSC, TV hiyo haitaiweza. Ijaribu mashine kwenye TV bapa yenye tundu la AV.

Hakuna kitu, buluu tupu. Angalia kwanza kama uko kwenye AV na si kwenye chaneli. Kisha hakikisha kichwa cha njano kiko kwenye tundu la njano.

Usihangaike na waya wa antena wa mashine za zamani za Kijapani. Masafa ya chaneli zake hayalingani na ya TV zetu. Tumia AV.

Utagundua pia kwamba gemu moja la zamani linakimbia zaidi kwenye mashine ya Kijapani kuliko kwenye ile ya Ulaya ya jirani yako. Si macho yako. Gemu lililotengenezwa kwa picha 60 likihamishiwa kwenye 50 bila kurekebishwa linapungua kasi kwa takriban asilimia 17, na mara nyingi linabaki na mistari myeusi juu na chini. Kwa magemu hayo, mashine ya NTSC ndiyo bora.

### Vile visanduku vya kubadilisha

Kuna viwili vinavyofanana kama mapacha, na watu wananunua kisicho chao kila siku. Kilichoandikwa HDMI2AV kinatoa picha kwenye mashine mpya kuipeleka kwenye TV ya chogo. Kilichoandikwa AV2HDMI kinatoa kwenye mashine ya zamani kuipeleka kwenye TV bapa. Soma maandishi, usiangalie rangi. Vyote vinahitaji umeme wa USB. Visipowaka taa havifanyi kazi. HDMI2AV huwa na kiswichi cha pembeni cha PAL na NTSC: TV ya chogo ya PAL, weka PAL.

PlayStation 4 kwenye chogo itacheza, lakini maandishi yatakuwa madogo mno kusomeka. Ni suluhisho la muda, la mpira na mbio za magari, si la gemu lenye hadithi ya kusoma.

Umefanikiwa ukiwa una rangi, picha imesimama, na sauti inatoka pande zote mbili.

## Hatua ya 7: Diski na lugha

PlayStation 1, PlayStation 2, Wii na Wii U zimefungwa kwa kanda, yaani zinakubali tu diski za eneo la dunia zilikotengenezewa. Mashine ya Kijapani inataka diski za Kijapani. Ukiona inakataa diski safi, usiilaumu lenzi kabla hujalinganisha kanda.

PlayStation 3, 4, 5 na Switch magemu yake kwa kawaida hayafungwi, na Xbox kuanzia Xbox One vivyo hivyo. Xbox 360 iko katikati: kampuni iliyotoa gemu ndiyo iliyoamua, kwa hiyo mengine yanakubali na mengine yanagoma. Filamu ni habari tofauti. Kwa DVD sisi tuko kanda ya 5, Marekani ni 1, Japani ni 2. Kwa Blu-ray sisi ni B, wakati Marekani na Japani ni A. PlayStation 3 ya Kijapani inaweza kucheza gemu la Ulaya vizuri na ikakataa filamu ya Blu-ray ya Ulaya.

Menyu ya Kijapani isikutishe kwenye PlayStation 3 na 4. Lugha inabadilishwa kwenye mipangilio. Ila kumbuka kwamba hadi PlayStation 4, mashine za Kijapani hutumia duara kukubali na X kurudi nyuma. Ukibonyeza X ukarudishwa ulikotoka, pedi ni nzima.

Kwa akaunti ya PlayStation, nchi unayochagua siku ya kwanza haibadilishwi tena, na nyongeza za gemu unazonunua mtandaoni lazima zilingane na kanda ya diski. Amua kabla ya kufungua akaunti.

Na kama unaagiza mpya kutoka Japani sasa hivi, muulize muuzaji swali moja kabla ya kutuma pesa. Nintendo Switch 2 inauzwa huko katika matoleo mawili, na lile la bei ya chini linaonyesha Kijapani peke yake na linakubali akaunti za Japani tu. PlayStation 5 ya kidijitali nayo ina toleo la namna hiyo, la mwaka 2025. Unafuu wa bei ndio unaowavuta watu, na hakuna fundi wa kulifungua. Mwombe akutumie picha ya boksi pande zote, na akutajie kwa maandishi ni toleo la lugha nyingi.